Jenereta Chini ya Kiti Chake

Kwa siku sita mzee alitafuta boliti zilizokuwa mfukoni mwake.

Alizitafuta kwenye kopo la misumari, chini ya kiti cha dereva, hata nyuma ya mapipa ya maji. Binti yake akauliza kama amsaidie. Mzee akasema asijisumbue, zitaonekana tu. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, na boliti nne zilikuwa zimepata joto la kiganja.

Watu walimwita Gia Moja. Alikuwa dereva kwa miaka thelathini na minane, na hakuna aliyewahi kumwona ana haraka, garini wala kwa miguu. Hata kuzungumza alizungumza kwa gia hiyo hiyo. Mke wake alikuwa akiwaambia watu kwamba alimposa kwa maneno manne, na moja lilikuwa salamu. Sasa mke alikuwa na miezi kumi na mmoja kaburini, na hata hayo manne yalikuwa yamempungukia.

Lori lenyewe lilikuwa uani. Mgongoni lilibeba chumba alichokijenga kwa mikono yake, kuta za mbao, paa la bati, madirisha mawili, mlango wa nyuma na ngazi ya vipago vitatu. Ndani mlikuwa na kitanda, rafu za vitambaa, meza, cherehani moja ya umeme na moja ya mkono. Mke alikuwa fundi wa kushona. Miaka tisa walizunguka minadani, mume akiendesha, mke akishona sare za shule, suruali na mapazia. Mteja aliacha kitambaa asubuhi, jioni akachukua nguo. Usiku walilala humo humo, na kesho yake walikuwa mji mwingine.

Binti yao alikuwa amefundishwa kushona na mama yake. Alitaka kulirudisha lori barabarani, yeye na mumewe, ambaye alikuwa fundi simu, na mtoto wao wa miezi mitano. Mkwe alikuja na jenereta mpya ameipakata kama mwali.

"Baba, hii haina fujo," alisema. "Inanguruma kama paka aliyeshiba."

Kilichobaki kilikuwa kuifunga mahali pake, na mahali palikuwepo. Chini ya sakafu ya chumba kulikuwa na sanduku la bati ambamo jenereta ya zamani ilikaa. Binti alitaka iwe pale pale. Kiti cha mama kiwe pale pale. Mtoto angelazwa chini ya meza, karibu na miguu yake, juu ya vitambaa. Zilihitajika boliti nne tu.

Mzee alijua sanduku lile lilikuwa limefanya nini. Akisema, atampoteza binti, na hakuwa na mwingine. Asiposema, mtoto atalala juu yake. Ndiyo maana boliti hazikuonekana.

Hapo mwanzo jenereta ilikaa nje, mbali na lori, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Asubuhi moja waliamka wakakuta mnyororo. Mzee akanunua nyingine, akaapa kwamba hii mwizi ataiota tu. Ndipo akatengeneza sanduku lile na kulitia kufuli. Wateja wakalalamika kelele, akalizungushia ndani sponji la godoro kuukuu. Bomba la moshi akaliongeza kwa bomba jingine likatokea ubavuni mwa lori. Pale mabomba mawili yalipokutana palitaka kuchomelewa. Siku ile hakuwa na mashine ya kuchomelea. Akakata kopo la maziwa, akalizungusha, akalikaza kwa waya. Akamwambia mkewe hiyo ni ya muda, Jumamosi ataichomelea.

Madereva wenzake walikuja kuinama chini ya lori, wakasifu. Mtu akishasifiwa, kazi kwake huwa imekwisha. Jumamosi zikapita.

Haukuisha mwezi mke akaanza kuumwa kichwa. Mara kichefuchefu, mara mikono mizito. Wakabadilisha miwani. Wakapewa vidonge vya presha. Akienda kwa dada yake kukaa siku tatu, alipona kabisa, anarudi anaimba. Akishinda siku moja kwenye lori, jioni amejifunga kitambaa kichwani. Mzee akapata utani.

"Kichwa chako kina akili," alimwambia. "Kimemchoka mume, kinataka kwa dada."

Mke alicheka. Mara ya pili akacheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka. Mzee hakuona, au aliona akapita.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, mchana. Mke alifunga madirisha vitambaa visilowe. Mzee alikuwa kwenye baraza la duka lililokabili lori, anacheza drafti ya vizibo. Ngurumo ya jenereta ilimfikia ndani ya mvua, naye alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea pumzi ya mwenzake kitandani. Maadamu inanguruma, mke yu kazini. Alicheza michezo minne, akashinda mitatu. Alipokwenda, alimkuta ameinamia suruali ya mtu, mguu mmoja umeshonwa, wa pili bado.

Daktari aliuliza mengi. Katika hayo aliuliza kama kulikuwa na jiko la mkaa chumbani. Mzee akasema hapana. Lilikuwa jibu la kweli. Kuhusu jenereta hakuna aliyeuliza, na siku ile haikumpitia akilini kwamba jenereta nayo ni moto. Ikaandikwa moyo.

Baada ya mwezi alilifungua sanduku ili aitoe jenereta. Sponji lilikuwa limegeuka jeusi. Waya ulikuwa umelegea na kopo la maziwa limefumuka upande mmoja. Juu yake, kwenye mbao za sakafu, masizi yalikuwa yamefuata upenyo kati ya ubao na ubao, mstari mrefu. Mahali mstari ulipokuwa mnene kuliko kote palikuwa chini ya kiti cha mkewe.

Alikaa chini ya lori mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu ujana alijua kwamba injini haiwashwi ndani ya gereji iliyofungwa. Aliwahi kumgombeza kijana wa watu kwa jambo hilo hilo. Moshi mweusi humkimbiza mtu kabla haujamdhuru. Kilichopenya pale juu hakikuwa na rangi wala harufu ya kumkimbiza mtu, na chumba kilikuwa kimefungwa. Alilijua hilo kwa malori, akalisahau kwa mkewe.

Kisha akafanya jambo. Alinunua zulia la plastiki, akalitandika chumba kizima, akaligongomea misumari kila pembe. Binti alipokuja kutembea akasifu, baba amepafanya pazuri.

Siku ya saba mkwe alitoka mjini na boliti zake. Akavua shati, akalala chali chini ya lori na spana mkononi. Akasema baba asihangaike tena, mambo ya leo yanapatikana dukani. Binti alikuwa amesimama karibu na ngazi, mtoto mgongoni.

"Baba," alisema, "kama hutaki kutupa lori, sema. Wiki nzima unatuzungusha. Mara boliti, mara mbao zimeoza, mara kufuli. Mimi ni mwanao, siyo mteja."

Mzee akatoa boliti nne mfukoni, akaziweka kwenye kipago cha ngazi.

"Zilikuwa wapi?"

"Hapa."

Mkwe alitoka chini ya lori, uso una vumbi. Akaangalia boliti, akamwangalia mkewe.

Mzee akapanda chumbani na koleo. Akaanza kung'oa misumari ya zulia, mmoja mmoja, kwa gia yake ile ile. Alipofika kwenye kiti akakisogeza, akakunja zulia.

"Mama yako hakufa kwa moyo," alisema.

Akaeleza. Maneno hayakuwa mengi. Alitaja kopo la maziwa, Jumamosi, mvua, drafti. Alitaja swali la daktari na jibu lake. Utani wa kichwa alitaka kuuruka, akarudi akausema. Huo ndio ulikuwa mzito kuliko yote.

Binti alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye upenyo. Kikatoka cheusi.

"Ulijua lini?"

"Mwezi mmoja tangu tumzike."

"Na leo ni wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

Alifuta kidole kwenye ubao, polepole.

"Kopo nitasema ni bahati mbaya," alisema. "Hili zulia siyo bahati mbaya."

Kwa miezi kumi mzee alikuwa amejitayarishia majibu, lakini yote yalikuwa ya kopo.

"Mama mkubwa anajua?"

"Hajui."

"Utakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi huo mzigo sikubebei."

Akamkaza mtoto mgongoni, akashuka ngazi, akatoka getini. Hakumwita baba, wala hakuaga.

Mkwe alibaki. Alivaa shati, akalivua tena. Mwisho akasema kwamba leo ndiyo ilikuwa aifunge, na leo ndiyo mtoto alikuwa alazwe pale. Akarudia maneno hayo mara mbili, kama mtu aliyenusurika kugongwa. Kisha akauliza waanzie wapi.

Kesho yake mzee alikwenda kwa shemeji yake kwa miguu. Alimkuta anachambua mchele. Hakupewa kiti, naye hakukitarajia. Alisema yote amesimama mlangoni, kofia mkononi. Dada wa marehemu hakuinua macho kwenye ungo.

"Kwangu alikuwa anapona, shemeji," alisema. "Na mimi nikajigamba ni supu yangu."

Akaendelea kuchambua. Mzee alingoja atukanwe. Hakutukanwa. Alipofika njiani ndipo akajua kwamba angeona nafuu kama angetukanwa.

Kazi walianza siku hiyo hiyo. Sanduku la bati walilikata, wakalitoa lote, wakaziba sakafu kwa mbao mpya. Halafu mzee akatengeneza kizimba cha nondo, wazi pande zote hewa ipite, chenye magurudumu mawili. Safarini kingening'inia nje, nyuma ya lori, jenereta imezimwa na koki ya petroli imefungwa. Wakifika, kinashushwa chini na kuvutwa hatua ishirini kutoka chumbani, upande ule upepo unakokwenda, mdomo wa bomba la moshi ukitazama uwazi, siyo lori wala chumba cha jirani. Waya wa umeme uwe mmoja, mnene, wa nje, usio na kiungo. Alichomelea kila pembe ya kizimba siku ile ile aliyokata nondo.

Mkwe alihofia wezi. Hatua ishirini, alisema, ni mwendo mrefu kwa mwenye mali na mfupi kwa mwizi.

"Wakiiba," alisema mzee, "mmekosa jenereta."



Mengine mzee alimwambia mkwe wakiwa kazini, moja leo, jingine kesho. Petroli haimiminwi injini ikiwa ya moto, ingoje ipoe. Dumu la petroli halilali chumbani hata siku moja. Jenereta haifunikwi wala haisogezwi mlangoni, hata mvua ije. Mvua ikija, inazimwa. Watu wakilala, inazimwa. Na mtu akisema kichwa kinamuuma, atolewe nje kwanza, maneno baadaye. Hapo mkwe akajifanya anatafuta spana.

Mkwe mwenyewe alileta kengele ndogo, inayolia hewa mbaya ikiingia. Wakaitundika ukutani karibu na kitanda, wakaijaribu, ikalia mpaka majirani wakachungulia. Mzee akasema ni nzuri, ila isiwafanye wavivu.

Siku ya nne binti alirudi. Alimsalimu kwa adabu, akamwita mzee, kama anavyoitwa mtu yeyote wa umri ule. Akataka jenereta iwashwe. Akapanda chumbani, akasimama pale kiti kilipokuwa, akanusa, ingawa alishaambiwa kwamba hewa ile mbaya haina harufu. Kisha akashuka, akahesabu hatua kutoka mlangoni. Alifika kwenye kizimba kwa kumi na sita.

"Hatua zako zimekuwa fupi, mzee," alisema.

Akaamuru kisogezwe. Baba yake akakivuta mpaka akaambiwa basi.

Waliondoka Jumatatu. Hawakumwambia apande, naye hakuomba. Alisimama kati ya mapipa ya maji mpaka vumbi likatulia.

Zilipita siku kumi na mbili bila simu. Mkwe alituma ujumbe mara moja, jirani akamsomea. Wamefika, kazi ipo, mtoto anakula. Mzee aliomba asomewe tena, kama kuna jingine. Hakukuwa na jingine.

Siku ya kumi na tatu, mchana, alikuwa anafagia ua simu ikaita. Alikuwa binti.

"Mvua imeanza huku," alisema.

Mzee aliachia ufagio.

"Tumeizima. Madirisha yako wazi. Vitambaa nimevifunika kwa turubai, acha vilowe vinavyolowa."

"Vizuri."

"Nashona kwa ile ya mkono. Sare za watu hazingoji jua."

"Ndiyo."

Pakawa kimya. Mzee hakujua kama amekata. Kisha akamsikia tena, karibu zaidi.

"Usidhani yamekwisha."

"Sidhani."

"Haya. Usikate."

Akasikia simu inawekwa mezani. Alibaki amesimama juani, simu sikioni. Kule alisikia mvua juu ya bati, mtoto akigombana na usingizi, na gurudumu la cherehani likizungushwa kwa mkono, likitulia, likizungushwa tena. Kila lilipotulia alizuia pumzi mpaka lilipozunguka.