Watatu Kwenye Mstari Mmoja

Mama Drusilla alikuwa nyapara wa wachuma chai huko Kericho kwa miaka ishirini na sita, na sheria yake ilikuwa moja tu: mtu mmoja, mstari mmoja wa chai. Ukikuta wawili hapo, mmoja anachuma na mwingine anapiga domo.

Kwa hivyo Sista Chepngetich, muuguzi wa hospitali, alipomletea kitandani dawa tatu za kansa yake ya titi, mifuko miwili na bomba la sindano lenye dawa nyekundu kama juisi, Mama Drusilla aliuficha mkono chini ya leso.

"Kati ya hawa, nani anafanya kazi vizuri?"

"Wote, mama."

"Hakuna kitu kama hicho. Chagua mmoja, wengine warudi nyumbani."

Mumewe, Mzee Ombati, alitazama dari. Yeye mwenyewe alikuwa amefutwa kazi na mke huyu mara mbili.

Sista akaketi. Jana daktari alieleza kwa maneno marefu, Mama Drusilla akaitikia yote kwa adabu bila kuelewa hata moja. Na uvimbe ulikuwa haungojei.

"Mama, wezi wa majani ya chai mlikuwa mnawashika vipi?"

"Mlinzi mmoja barabarani, mwingine mtoni, wa tatu anaingia katikati ya chai na mbwa."

"Kwa nini usiweke mmoja tu, aliye hodari?"

"Si wangetorokea mtoni?" Akaigeukia tena ile mifuko.

"Basi chembe za kansa ni hivyo hivyo. Dawa hii inazizuia kugawanyika. Hizi mbili zinaziharibu ndani, kila moja kwa njia yake. Ikiponyoka hapa, inanaswa pale."

"Na chai haikanyagwi?"

"Inakanyagwa, mama, hata chembe nzuri za mwili zinaumia. Nywele zitatoka, utasikia kutapika. Ndiyo maana unapumzika wiki tatu kabla ya kurudi. Na ukisikia joto mwilini, usingoje kesho, njoo hospitali."

"Sawa. Niitie majina yao."

Sista akasoma majina ya dawa, marefu ajabu.

"Hayo hata chifu hawezi. Huyu ni Kipkorir, huyu Zack. Huyu mwekundu ni Molly, anaonekana ana hasira."

Akautoa mkono. Akaurudisha chini ya leso, kisha akautoa tena.

"Unaogopa, mama?"

"Naogopa sana. Lakini nyapara hatetemeki mbele ya wafanyakazi wapya. Choma haraka, kabla Ombati hajaanza kulia."

Mzee Ombati alikuwa ameshaanza.