Karanga za Duara la Tano

Kituoni Mtumba kuna mama anayekaanga karanga kwa mchanga. Nikiisikia harufu ile, narudi jikoni kwetu, mwaka ambao uwele ulikauka shambani kabla ya kuzaa.

Mama alinifundisha kugawanya kwa kuchora maduara kwenye majivu, kila mtoto na lake, nami naweka karanga mojamoja mpaka ziishe. Jioni moja, tukiwa tumetoka kumzika kitinda mimba wetu, alichora tena maduara matano.

"Mama, tumebaki wanne," nikasema.

"Wewe gawanya."

Nikagawanya. Tulikula zetu polepole pamoja na maganda. Za duara la tano asubuhi zilikuwa palepale, na nyumba nzima ilikuwa imelala njaa.