Mwali Uliotulia Siku ya Harusi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoolewa nilirudi nyumbani, kijijini Baleni, lakini nusu ya moyo niliiacha maabara. Mimi na mwenzangu wa kazi tulikuwa tunachunguza tao la umeme, yaani ule mwali unaowaka kati ya vipande viwili vya metali, elektrodi, ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa. Elektrodi ikiwa baridi, mwali hukusanyika kwenye vidoa vikali vinavyokimbia huku na huko na kutema matone ya metali. Sisi tuliamini kwamba elektrodi ikipashwa moto sana, mpaka ianze kutoa mvuke, mwali utatandaa na kutulia. Lakini kila tulipojaribu, kishikizo kinachoshika elektrodi kilipasuka kabla joto halijatosha. Kishikizo kipya kilifika maabara mimi nikiwa nimeshapanda boti ya kwenda Kilindoni, bandari ya kisiwani kwetu.

Asubuhi ya harusi tulikuwa uani tunakuna nazi, mimi, mama na shangazi, mwenzangu akapiga simu ya video.

"Usikate. Kishikizo kimehimili, elektrodi imeshapata moto, nawasha sasa."

Mtandao ukawa unasuasua. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikainua simu.

"Shuka, mwanangu," shangazi akasema. "Utateguka mguu leo leo."

Sikushuka. Kwenye kioo cha simu niliona vidoa vikirukaruka kama kawaida. Kisha vikapungua, vikapotea, na uso mzima wa elektrodi ukafunikwa na mwanga laini wa samawati, usiotikisika. Machozi yakanitoka.

Mama akaacha mbuzi ya nazi. "Kuna nini? Nani kapatwa?"

"Hakuna, mama. Umetulia."

"Nani katulia?"

"Umeme."

Nilimwonyesha. Aliutazama ule mwanga kwa makini, mikono ikiwa imejaa nazi. "Mzuri," akasema. "Na ndio huu uliokuwa unakukosesha usingizi?"

"Shikamoo, mama," mwenzangu akasema kutoka kwenye simu.

"Marahaba, mwanangu. Hongereni."

Shangazi hakungoja maelezo. Alipiga kigelegele kirefu, na majirani, wakidhani bwana harusi amewasili mapema, wakaitikia nyumba hadi nyumba. Wanawake wakamiminika uani na khanga zao, wakauliza yuko wapi. Shangazi akawaelekeza kwenye simu.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakaomba wauone huo mwanga na wao, mmoja mmoja, na mwenzangu kule maabara akakataa kuzima mpaka wa mwisho apate zamu yake.