Kitunguu Kisicholiza

Fundi saa hakuwa mtu wa hasira. Mtu anayeshinda akiwinda skrubu ndogo kama punje ya ulezi kwa kibano, hasira angeiweka wapi? Lakini samaki wake walikuwa wamemfikisha pabaya. Kila mmea aliowatilia kwenye tangi la sebuleni waliutafuna wote, wakabaki wanazunguka juu ya kokoto tupu, wanamtumbulia macho kama wageni wanaongoja chai.

Mkewe naye alishachoka.

"Baba watoto, hii ni sebule au kisima? Hapo patakaa kabati langu la vyombo."

"Nipe muda kidogo, mke wangu. Kuna mmea wa majini unaoota kwa kitunguu. Majani yake magumu, machungu, samaki hawaugusi."

"Haya. Ukiota, tangi likae. Usipoota, namwita seremala."

Basi maskini akazunguka kwa wauza samaki na wauza maua mpaka soli zikaisha. Hola! Akatangaza kwa marafiki, na marafiki, Mungu awabariki, wakamletea vitunguu vya kupikia: vyekundu, vyeupe, na mmoja akaleta saumu, akaapa kuwa inafukuza mbu. Jikoni kukajaa. Mwishowe binamu yake, dereva wa lori, akarudi safari na kile chenyewe, kimoja tu, kimefungwa kwenye kipande cha gunia kilicholowa. Alikichimbua bwawani kwa rafiki yake, na tope lile alisema hatalirudia hata kwa dawa.

Fundi saa akakiweka kwenye kisahani jikoni, akatoka kuosha mchanga huku akipiga mluzi. Hapo ndipo alipokosea. Mama mkwe alikuwa amekuja kutembea, na mama huyo hajui kukaa bure.

Aliporudi alimkuta na kisu mkononi, sufuria iko motoni, na kitunguu kimepasuliwa vipande vinne.

"Mwanangu, kitunguu gani hiki kisicholiza?"

Mkwe hamkaripii mama mkwe, hata kumtazama usoni ni kazi. Lakini siku ile adabu ilimponyoka.

"Mama! Weka chini! Hicho hakiliwi, kina sumu!"

Kisu kikaanguka. Mama akanawa mpaka viwiko, kisha akakaa kitako, mnyonge. "Nimekuharibia, baba."

"Hapana, mama," akajibu fundi saa, na moyo unamuuma hasa, maana alikuwa ameharibikiwa kweli.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kitunguu si maji. Aliviokota vile vipande kwa kibano chake cha saa, akavifukia nusu kwenye chupa ya jamu yenye mchanga uliolowa, akaiweka dirishani. Mkewe akaiona, akaguna, akampigia simu seremala. Seremala, kama maseremala wote, akasema anakuja kesho, na kesho yake ikala miezi.

Mama mkwe, aliyekuwa aondoke wiki ile, hakuondoka. Kila asubuhi aliichungulia chupa akijifanya anafuta vumbi. Siku moja akaita nyumba nzima kwa kelele. Katikati ya magamba ya kila kipande kulikuwa na kitunguu kichanga, na juu yake ncha ya jani la kijani.

"Vinne! Wallahi, vinne!"

Vilipokua vikahamia tangini. Samaki wakaonja jani la kwanza, wakatema, wakaenda zao.

Na seremala naye si akatokea, futi mkononi! Kabla mke hajafungua mdomo, mama mkwe alishasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Pima kwingine, baba. Hapa ni shambani kwangu. Nimelima kwa kisu changu mwenyewe."

Fundi saa alicheka, akacheka, mpaka akajifuta macho kwa ukosi wa shati. Mama mkwe akamtazama, akatikisa kichwa.

"Nilijua tu," akasema. "Hakuna kitunguu kisicholiza."