Taa Nyekundu Sikioni mwa Bibi Arusi

Sijui kijana mwingine wa mtaa wetu wa Manyatta aliyenitangulia kurudi kutoka Uingereza na diploma ya vifaa vya hospitali. Sikusomeshwa na mjomba wala harambee. Niliosha vyombo vya watu huku nasoma, nikafaulu. Kwa hiyo nilipoajiriwa katika hospitali moja ndogo ya Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikuingia kwa kunyata. Niliingia na mashine yangu mwenyewe ya kupima oksijeni kwenye damu. Unabana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu, mwanga unapenya nyama, na namba inatokea. Hakuna sindano. Mpaka leo nikiiona husisimka mwili.

Asubuhi moja mama mmoja Mwislamu wa hapo mjini alimleta binti yake, bibi arusi ambaye hina yake ilikuwa bado imekoza. Alihema upesi upesi, macho mazito.

"Ni uchovu wa sherehe," daktari akasema. "Apumzike nyumbani."

"Daktari, huyu nimemzaa mimi. Huu si uchovu."

Nikawaambia wasubiri. Nikabana kidole: kiooni vistari vitupu, hakuna namba. Nikabana kingine: vistari vilevile. Sista wa zamu akacheka. "Omera, ndugu yangu, mashine yako inasema huyu ni marehemu!"

Mama alisikia neno hilo moja tu, akapiga yowe wodi nzima ikageuka.

"Mama, nipo," binti akanong'ona.

Ndipo nilipotazama zile kucha. Zilikuwa zimepakwa piko, nyeusi tii; mwanga ungepita wapi? Vidole vya miguu navyo vilikuwa hivyohivyo. Walimu wangu wa Uingereza hawakuwahi kuona piko, lakini mimi nilikua jirani na watu wa arusi hizo.

"Mama, naomba umsogezee ushungi, umvue na herini."

Nikabana ncha ya sikio. Taa ikawaka, na sikio likang'aa jekundu kama kaa la moto. Namba ikaja: sabini na nne. Mtu mwenye afya huwa na tisini na kitu. Yule binti alikuwa akikosa hewa mbele ya macho yetu sote.

Daktari alikimbia mwenyewe kuvuta mtungi wa oksijeni.

Tukasimama tukiangalia namba. Sabini na tisa. Themanini na tatu. Sista alikuwa ameacha kucheka, mkono mdomoni. Hewa iliyoingia puani ilikuwa ikionekana sikioni, na mimi niliyejua kila waya wa ile mashine nilishangaa kuliko wote.

"Inaishia wapi, mwanangu?" mama akauliza.

"Mia, Mama."

"Basi usikitoe hicho kidude."

Ilipofika tisini na tano binti alifumbua macho, akalalamika kwamba kibanio kinamfinya. Mama akamwambia anyamaze, kifinye tu.