Wakwe Wawili Kwenye Ukuta Mmoja

Nadhira binti Hanifu alijua rangi kabla hajajua kusoma. Duka la baba yake pale Kayanga linauza rangi, brashi, misumari na mabati, na hakuna mchoraji wa mabango wa Karagwe au Kyerwa ambaye hajawahi kuegemea kaunta ile akilalamika. Huyu wa Kiruruma anaweza herufi lakini mtu akimchora anafanana na mbuzi. Yule wa Kamuli anaweza nakshi, herufi hazimtaki. Na wote hawajuani! Basi Nadhira alipomaliza masomo ya kompyuta Mwanza, akarudi na wazo lililomkosesha raha: programu ya simu ambamo wachoraji wawili, kila mmoja kijijini kwake, wangechora picha moja. Akaiita Ukuta Mmoja.

Mzee Hanifu alimsikiliza hadi mwisho, akakuna ndevu. "Nakupa mpaka Idi ya kuchinja," akasema. "Nionyeshe picha moja tu iliyokamilishwa na watu wawili humo ndani. Ukishindwa unarudi kaunta, na habari za programu nisizisikie tena."

Binti hakukaa kitako. Miezi mitatu alizunguka kwa bodaboda na daftari lake, leo vumbi, kesho mvua. Aliuliza kila kitu: unatumia brashi gani, simu gani, mtandao unaupata wapi, kazi ikikwama nani anakusaidia. Daftari likajaa. Jambo moja tu hakuuliza, nani ni nani kwa nani. Sisi watu wa mjini ndivyo tulivyo, tukishaandika jina la mtu tunadhani tumeshamjua.

Kwa jaribio la kwanza aliwachagua mafundi wawili waliowashinda wote machoni pake. Mmoja ni Mzee Muhangi wa Isingiro, mfugaji, ambaye ng'ombe wake wa ukutani wana pembe ndefu hata unataka kuwapisha. Wa pili ni Komujuni wa Kamuli, mjane wa miaka thelathini na kitu, fundi wa nakshi za majivu, udongo mweupe na kinyesi cha ng'ombe. Hakuwaambia anawakutanisha na nani. Alitaka iwe sapraizi. Alikuwa ametengeneza programu ili kila mmoja aone mstari wa mwenzake ukichorwa palepale, na juu ya picha nyuso zao zionekane, kama wameketi mkeka mmoja.

Siku kumi na nane kabla ya Idi, Nadhira aliketi na Komujuni barazani kwake. Simu ikaunganisha, uso wa Mzee Muhangi ukajaa kwenye kioo.

"Yesu wangu!" Komujuni alijifunika kanga kichwa kizima na kukimbilia ndani. Upande wa pili kofia ilionekana ikishuka juu ya simu, kisha giza. Haikupita dakika mzee akapiga.

"Binti, umenifanyia nini? Unaniweka uso kwa uso na mke wa mwanangu?" Akakata.

Jamani, Nadhira! Miezi mitatu ya utafiti! Ahabwe, marehemu mume wa Komujuni, alikuwa mtoto wa Muhangi. Na katika koo zile mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, wala hawatajani majina.

Kesho yake asubuhi Nadhira alipanda bodaboda kwenda Isingiro kuomba radhi. Mzee alikuwa machungani. Aliyempokea ni mkewe, Kokwijuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye simu?" Kokwijuka akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akamzungusha nyuma ya nyumba, kwenye ukuta mrefu uliojaa ng'ombe, na kati ya ng'ombe nakshi nyeusi na nyeupe.

"Hizi nakshi si za dada Komujuni?" Nadhira akauliza.

"Za nani tena? Mwaka alioolewa, alikuwa akichora asubuhi, mzee yuko na ng'ombe. Jioni mzee akifika kule kwenye migomba anakohoa, mwenzake anaondoka, naye anaendelea pale alipoachiwa. Mwezi mzima. Hawajawahi kusimama hapa pamoja hata siku moja."

Nadhira aliutazama ukuta ule akaona aibu, maana ulikuwa unafanya kazi vizuri kuliko programu yake. Siku nne akavunja alichokijenga, kwa hasira kabisa. Nyuso akazitoa. Sasa akiingia mmoja, mwingine anafungiwa nje. Anayetaka zamu anabonyeza, na simu ya mwenzake inakohoa. Kikohozi alimrekodi Kokwijuka akimwigiza mumewe.

Mzee na Komujuni wakakubali kujaribu tena, na safari hii mambo yakaenda. Ng'ombe wakaanza kushuka mtoni, nakshi zikawafuata pembeni, na kila jioni Nadhira alifungua simu na kuchekelea peke yake. Zikiwa zimebaki siku mbili, mzee alimchora kijana anayetembea nyuma ya ng'ombe, amegeuza mgongo, fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake. Shati akaliacha tupu. Komujuni aliingia humo asubuhi, akatoka jioni. Shati likawa limejaa nakshi ndogo ndogo ambazo Nadhira hajapata kuziona.

Kisha akapiga simu. "Imekwisha, mdogo wangu. Lakini nakuomba, usimwonyeshe mtu. Huyo ni Ahabwe. Ni miaka mitatu tangu tumzike, na baba yake hajapata namna ya kuniambia neno. Ndiyo amesema sasa, nami nimemjibu. Si ya watu hiyo."

Nadhira alitamani kulia, kwa ajili ya Komujuni na, tusidanganyane, kwa ajili yake mwenyewe. "Sawa, dada," akasema.

Siku ya Idi, baada ya pilau, Mzee Hanifu akanyoosha mkono. "Haya, lete."

"Imekamilika, baba. Ila siwezi kukuonyesha. Wenyewe wamekataa."

"Programu ya picha, na picha haionekani! Wallahi nimesikia mengi." Wala hakugomba zaidi. Jumatatu Nadhira alirudi kaunta akapima misumari, na ilimuuma, maana alikuwa ameshinda na hakuwa na wa kumwambia.

Alhamisi Mzee Muhangi aliingia dukani, yeye ambaye siku zote huagiza watu. Akaomba kopo la rangi nyeusi, akamgeukia Hanifu.

"Huyu ni binti yako?"

"Ndiye."

"Mwanzo alinitia aibu, nikasema hana adabu. Lakini mwanangu alipokufa nilishindwa kumpa pole mkewe. Mkwe wangu yule, ningeanzia wapi? Huyu akanitafutia njia, na heshima yangu akaiacha mahali pake."

Akachukua kopo lake akaondoka. Mzee Hanifu akaweka chini kitambaa cha kufutia kaunta, akamgeukia binti yake.

"Toka humo," akasema. "Nenda kafanye kazi yako. Misumari nitapima mwenyewe."