Neno Lililomhamisha Mama

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo sitaki kulisikia tena, na nimefundisha Kiingereza sekondari miaka ya kutosha kuwa na haki ya kulichukia. Neno lenyewe ni "cozy". Wanafunzi wangu hapa Mbeya wakiniuliza maana yake nilikuwa nawaambia ni ile raha ya mtu aliye kwake, amejikunyata penye joto, hana wasiwasi na mtu. Nilijiona nimeeleza vizuri sana.

Siku hizi limeokotwa na kila asiyejua pa kuliweka. Pale Mwanjelwa, muuza mitumba alinishikisha sweta lililopukutika vifungo akaniapia kuwa ni cozy. Saluni ninayosukia, yenye viti vitatu vya plastiki na redio isiyozimwa, imeliandika mlangoni. Mwaka mmoja nilipangiwa kusimamia mitihani Makongolosi, nikalala gesti iliyolipaka ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama onyo la umeme. Chumbani mlikuwa na kitanda, ndoo, na mlango wa chuma uliofungwa kwa waya. Nilicheka peke yangu. Wakati huo bado lilikuwa jambo la kuchekesha.

Halafu mdogo wangu akalipeleka nyumbani kwetu Iringa.

Mdogo wangu huyu ni kitinda mimba, na mama alimlea kama yai. Ana maneno mengi na kazi chache. Alikaa Dar es Salaam miaka kadhaa akifanya mambo ambayo hakuna aliyewahi kutueleza tukaelewa, akarudi na kofia ya ukindu na wazo moja: watalii wanaokwenda mbugani hulala Iringa, nyumba ya mama ina vyumba vitatu, na mama ni mtu mmoja. Alinipigia simu.

"Dada, wazungu hawataki mahoteli. Wanataka kitu cozy, yaani wajisikie wako nyumbani kwa watu. Wewe nitungie tu hicho Kiingereza cha kuweka mtandaoni."

"Na mama atalala wapi?"

"Si kuna kile chumba cha uani? Miezi miwili tu, tuone mambo yanaendaje. Mama mwenyewe kakubali."

Mama hajawahi kumkatalia mtoto huyo chochote, na yeye analijua hilo kuliko sisi sote. Chumba cha uani tulikuwa tunawekea mahindi na majembe. Nilipaswa kugoma. Badala yake nilikaa mezani nikamwandikia aya nne safi, neno hilo limo mara mbili, na chini yake masharti ya nyumba kwa lugha zote mbili. Nilijisifu hata. Mwalimu akiombwa sentensi nzuri haulizi inakwenda kufanya kazi gani.

Miezi miwili ikawa mwaka na nusu. Nilipokwenda likizo ya Juni, nyumba sikuitambua. Vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama alivitandika kwenye makochi tangu tukiwa wadogo vilikuwa vimeondolewa, ikawekwa mito ya kijivu isiyo na idadi, ambayo lazima uitupe chini ndipo upate pa kukaa. Vitaa vya Krismasi vimezungushwa kwenye kabati la vyombo, na Krismasi iko mbali. Ukutani wamepigilia nyungo tatu za mama pamoja na vikapu vyake vya nyasi za milulu, vya kuwekea unga na vya kwendea sokoni, kila kimoja na msumari wake katikati.

Nilimuuliza mdogo wangu mama anapepetea nini siku hizi.

"Hiyo ni dekoresheni, dada. Nimeshamnunulia ungo wa plastiki."

Mtu huyu amekuzwa na nafaka iliyopepetwa kwa nyungo zile, na leo amezitoboa. Nilimdharau siku ile, na sijaacha. Kutwa anahubiri habari ya wageni kujisikia nyumbani, na ndani ya nyumba nzima hapakuwa na sehemu hata moja ambapo mwenye nyumba angeweza kuweka kikombe chake bila kuambiwa akiondoe.

Mama nilimkuta uani, amejifunika mablanketi mawili, upepo unaingia chini ya mlango. Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Nikamwambia siondoki Iringa mpaka awe amerudi kwenye kitanda chake.

"Msigombane," akasema. Hilo tu.

Wiki ile hapakuwa na mgeni. Mdogo wangu akasema nilale mimi chumbani kwa mama, kesho yake tutaongea. Nilitaka kulala uani, ila kitanda cha kule kilikuwa cha futi mbili na nusu, na mama akanifukuza, eti nimechoka na safari. Nikaenda. Na niseme linaloniuma: nililala vizuri mno. Godoro jipya, blanketi zito, mapazia mazito. Niliamka jua limeshapanda, nikajivuta tena ndani ya blanketi nikasema moyoni, kumbe yule mpuuzi anajua kupanga chumba.

Ndipo mlango ukagongwa, taratibu.

"Hodi."

"Karibu," nikaitikia, bila kufikiri, bila hata kuinua kichwa.

Mlango ukafunguka kidogo. Alikuwa mama. Alivua kandambili zake nje, akaingia kwa kunyata.

"Samahani, mwanangu, nimekusumbua. Naomba tu dawa yangu ya presha. Niliisahau kwenye droo juzi nilipokuja kufagia."

"Mama, hiki ni chumba chako! Unanipigia hodi mimi?"

"Ndiyo masharti," akasema, akionyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. "Mgeni asisumbuliwe. Nimesubiri hapo nje mpaka niliposikia unageuka."

Maneno yale niliyatunga mimi. Sikuwa na mtu mwingine wa kumdharau mle chumbani.

Mama akaipata dawa. Akaitazama glasi ya maji iliyokuwa kando ya kitanda, akaniuliza kama anaruhusiwa kunywa au ni ya wageni.

Siku hiyo hiyo tulimrudisha. Mdogo wangu alinuna, akasema nimemharibia, akachukua mito yake akaondoka. Mama sasa analala chumbani kwake. Lakini kabati hajalifungua. Nguo zake zote bado zimo kwenye begi, na begi liko karibu na mlango.